Mstari Mmoja Shingoni

Soko la ngamia la Habaswein halijawahi kupungukiwa na wanaume wa kusema wallahi, lakini kiapo cha Abdiqani kilikuwa na uzito wake. Kazi yake ilikuwa kusoma chapa. Ngamia akipotea malishoni, akaonekana katika kundi la mtu mwingine, Abdiqani ndiye aliyeitwa atazame alama ya moto shingoni na kusema mnyama ni wa nani. Alisoma hata chapa zilizofunikwa na manyoya na makovu ya miaka kumi. Watu walimwita Macho, naye jina hilo alilivaa kama koti la Idi.

Kisha yakaja mafua. Mafua gani haya, siku kumi za homa na kikohozi cha kupasua kifua! Yalipoondoka yalimwachia zawadi: kila kitu alikiona viwili. Aliona wake wawili, wote Saado, wote wakimkaripia kwa sauti moja. Chai aliimimina nje ya kikombe. Daktari wa zahanati alimweleza waziwazi kwamba maradhi yale yameudhoofisha mshipa wa fahamu unaogeuza jicho lake la kulia. Aache kazi kwanza, aende Garissa akapimwe; huenda jicho likarudi baada ya miezi.

"Kwa sasa," alisema daktari, "ukitaka kuona sawasawa, fumba jicho moja."

Jambo dogo hilo! Lakini Macho wa Habaswein afumbe jicho mbele ya watu? Aliona haya. Nyumbani alilifunika kwa kiganja. Sokoni aliyakodoa yote mawili na kumwomba Mungu. Garissa hakwenda. Saado alimkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, naye akamwapisha asimwambie mtu.

Siku moja ya soko aliamka akaona kila kitu kimoja, akashukuru akidhani amepona. Kufikia adhuhuri vumbi na jua vilikuwa vimeyachosha macho yake, na ndipo alipoitwa. Shamso, mjane mwenye watoto wanne, alikuwa amemkuta ngamia wake wa maziwa katika kundi la Billow. Ukame ulikuwa umemwachia huyo tu. Chapa ya marehemu mumewe ilikuwa mstari mmoja wa kusimama. Ya ukoo wa Billow ilikuwa mistari miwili. Upele ulikuwa umeiharibu shingo ya mnyama, kwa hiyo kila mtu aliona alichotaka kuona.

"Abdiqani, walaal, ndugu yangu, sema wewe," alisema Billow. "Ukisema ni ya Shamso, mimi naachia yeye. Sina maneno."

Abdiqani alitazama. Mistari miwili, myembamba, imekaribiana. Moyo ulimwambia fumba jicho. Lakini watu wote walikuwa wakimtazama yeye, si ngamia. Shamso alisimama mbele kabisa, kamba mkononi, hakumwondolea macho hata kidogo.

"Miwili," alisema. "Wallahi, ni miwili."

Shamso hakulia. Alikunja kamba yake akaenda zake.

Soko lilipopungua, Abdiqani alirudi peke yake pale ngamia alipofungwa. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akafunika jicho kwa kiganja. Mstari ulikuwa mmoja. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa ameapa kwa jina la Mungu na kuwanyang'anya mayatima maziwa yao, na yote kwa sababu ya kuona haya kufumba jicho.

Alimkuta Shamso nyumbani kwake, akiwamiminia watoto chai ya rangi.

"Shamso, dada yangu, ngamia ni wako. Tangu yale mafua kitu kimoja nakiona viwili. Nimekudhulumu."

"Najua," alisema Shamso.

"Unajua?"

"Wiki iliyopita, kisimani. Ulitaka kunisaidia dumu, ukashika hewa. Mara mbili. Nikajua macho yako iko mgonjwa."

"Basi mbona hukusema pale sokoni?"

Shamso aliweka birika chini. "Muislamu humsitiri mwenzake. Nikasema Abdiqani ni mtu wa haki, atajisemea mwenyewe. Nilikutazama nikikungoja, mpaka ukaapa."

Magharibi, watu walipotoka msikitini, Abdiqani alisimama mlangoni amefunika jicho.

"Jamani, msiniite Macho tena. Mimi ni mgonjwa, nilificha, na leo nimeapa uongo. Ule mstari ni mmoja."

Billow alitimiza neno lake. Ngamia alirudishwa kabla ya isha.

Asubuhi Abdiqani alikuwa akifunga mfuko wake wa safari ya Garissa aliposikia hodi. Alikuwa Shamso, na kibuyu cha maziwa yenye povu bado.

"Ni ya mgonjwa," alimwambia Saado, akamkabidhi.

Saado alimmiminia mumewe kikombe. Abdiqani alikishika kwa mikono miwili, akageukia ukuta, akashindwa kukinywa.