Fundi wa AC Kwenye Kiti cha Nyuma

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Apolinari alikuwa ameusoma msemo huo kwenye khanga za mkewe tangu siku za uchumba, na bado alishiriki, tena kwa mikono miwili. Msiniambie ni mapenzi. Mapenzi yalikuwepo, sikatai, lakini mapenzi hayamfanyi mtu mzima akae ndani ya gari huku meno yanagongana na aseme anasikia joto.

Apolinari ni fundi wa AC za magari pale Sinza. Banda lake la mabati liko nyuma ya gesti moja, na wenye magari huja kumtafuta hata kutoka Temeke. Mkewe Noela alikuwa akifundisha kompyuta kwenye shule ya binafsi mpaka mkataba ulipokwisha na wenyewe wasimwongezee. Badala ya kulia, akaja na wazo. Yale magari ya mitumba kutoka Japani yakishazeeka, paneli ya AC hufa. Vitufe vyenye maandishi ya Kijapani hubaki mapambo, na hewa hutoka inavyotaka yenyewe. Noela akasema ataunda paneli ya kwake: kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, sensa za joto mbele na nyuma, na mota za kufungua na kufunga vile vilango vinavyochanganya hewa ya baridi na hewa ya hita. Mama Kokuberwa, mwenye Noah zinazopeleka abiria Njombe mpaka Makete kwenye baridi kali, alikuwa ameshatoa neno. Chombo kikifanya kazi, Noah zake zote zitafungiwa.

Noela aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote, na Apolinari alimtakia. Hata mabomba ya hita, ambayo hapa Dar mafundi huyaziba kwa sababu hakuna mwenye akili anayetaka joto la ziada, aliyarudishia mwenyewe kwenye Noah yao kuukuu iliyotumika kwa majaribio. Shida ilikuja na Brightson.

Brightson alisoma chuo na Noela. Alikuwa mtaalamu wa sensa na mota, kijana mrefu, shati lake limenyooka hata Jumamosi, na ana maneno ya kuchekesha. Alimwita Apolinari "shem" na kumpa mkono kwa heshima zote. Hilo nalo likawa kosa. Mtu ukishamchukia, hata salamu yake utaiona ina mwiba.

Noela alitaka chombo chake kijifunze kutoka kwa binadamu. Kiti cha nyuma akakifungia vitufe viwili, chekundu maana yake nina joto, cha buluu maana yake nina baridi. Sensa ingepima, lakini neno la mwisho lingekuwa la aliyekaa.

"Wa kukaa nyuma awe mtu mmoja kila siku," alisema, "na awe mtu anayeijua AC. Sasa nani zaidi yako, Baba Eufra?"

Apolinari akavimba kichwa. Lakini majaribio yalipoanza, Brightson ndiye aliyeshika usukani, Noela akakaa pembeni yake na kompyuta mapajani, na mwenye gari, mwenye mke, akawekwa nyuma. Kila mchana walitoka Sinza kwenda Wazo na kurudi, jua la utosini, malori ya saruji yakiwatimulia vumbi. Huko mbele watu walizungumza lugha yao ya kompyuta, wakamaliziana sentensi, wakacheka. Apolinari hakuelewa wanacheka nini, akaona bora aamini wanamcheka yeye.

Hata hivyo siku za kwanza alibonyeza kwa haki. Akisikia joto alisema joto. Kilichomharibu ni firigisi.

Ilikuwa Jumapili, Noela amechinja kuku, na Brightson amealikwa. Kila mtu anajua firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Noela alipakua huku mdomo unaongelea vilango na mota, macho hayapo kwenye sufuria, na firigisi ikatua kwenye sahani ya Brightson. Brightson akaitafuna huku akichora mchoro hewani kwa uma. Apolinari aliangalia sahani yake, akaona paja na shingo. Alikula ugali wote ule na hakuijua ladha yake.

Kesho yake njiani, AC ilikuwa inapuliza vizuri kabisa. Mbele wale wawili wakacheka. Apolinari akabonyeza chekundu.

"Nyuma kuna joto?" Brightson alishangaa. "Mbona sensa yangu inasema kuko poa?"

"Mie nasikia joto. Kakague sensa yako."

Brightson akaegesha pembeni ya barabara, akashuka, akafungua mlango wa nyuma na kuinama juani na bisibisi mkononi. Vumbi la saruji likamshukia kwenye lile shati lake. Apolinari akagundua jambo tamu sana: kila akibonyeza chekundu, Brightson anatoka ndani ya gari na Noela anabaki peke yake na mumewe.

Basi akabonyeza. Alibonyeza maeneo ya Mwenge, akabonyeza Tegeta, akabonyeza walipokaribia kiwanda cha saruji. Chombo nacho, kwa utii wake, kiliongeza baridi nyuma kila alipolalamika. Apolinari akaanza kuja kazini na shati la mikono mirefu ili malaika yakimsimama yasionekane. Alikunja vidole kwenye kwapa. Pua ikaanza kuchuruzika, akasema ni vumbi.

Brightson alichoka siku moja. "Noela, ishu siyo sensa. Nimebadilisha mara mbili. Kule nyuma ni nyuzi kumi na tisa, hapo mtu anatafuta sweta. Hebu tumpe mtu mwingine kiti."

"Hapana," Noela alisema. Hata kichwa hakuinua. "Mume wangu namjua. Hanidanganyagi. Akisema joto, ni joto. Ngoja nikiambie chombo kimwamini yeye kuliko sensa."

Akaandika, akamaliza. Apolinari aliyasikia yote hayo, na moyo wake ulilainika kweli. Ulimi ulishafika mlangoni, aseme jamani nilikuwa natania. Lakini Brightson akanong'ona kitu, Noela akacheka na kumpiga kikofi cha bega. Apolinari akabonyeza chekundu.

Siku ya Mama Kokuberwa ikafika. Walimfuata Keko, alikokuwa anakagua makochi anayochongesha.

"Shikamoo mama," wakamwamkia wote.

"Marahaba wanangu. Haya, nionyesheni hicho chombo."

Akapanda nyuma, mama wa makamo mwenye mwili wake, gauni la kitenge la mikono mifupi. Apolinari alijibana kwenye kiti cha mwisho kabisa. Gari halijafika mbali, mama akavuta mtandio mabegani. Kidogo tena, akaufunika mpaka kichwani.

"Wanangu, huku kuna baridi."

"Bonyeza cha buluu mama," Noela alisema kwa furaha. "Kitakusikia."

Mama akabonyeza. Baridi ikapungua kidogo, halafu ikarudi. Akabonyeza tena, ikarudi tena. Chombo kilikuwa kimefundishwa kwamba mtu wa nyuma ana joto siku zote, sensa iseme isemavyo.

"Hee! Kinanibishia!" Mama Kokuberwa alipiga chafya. "Kama Dar tu kinanigandisha, huko Makete si mtanirudishia maiti za abiria? Simamisha gari mwanangu."

Noela aligeuka kumtazama mama. Brightson ndiye aliyesema.

"Mama, kosa ni langu. Sensa ya nyuma nimeifunga vibaya. Tupe wiki moja tu, tafadhali."

Mama aliwatazama kwa zamu, akasema atawapa hiyo wiki kwa sababu binti anaonekana ana bidii, ila hakuna ya pili. Noela alimtazama Brightson kwa shukrani, na jinsi alivyomtazama ndivyo Apolinari alivyokuwa akitaka kutazamwa tangu mradi uanze. Hakutarajia hilo. Alitarajia kuona Brightson akifokewa.

Nyumbani, Noela aliweka mkoba chini kabla hata ya kuvua viatu.

"Brightson hafungagi sensa vibaya," alisema. "Na nyuma hajawahi kukaa mtu mwingine. Ulikuwa unasikia joto kweli?"

Apolinari angeweza kunyamaza. Badala yake yakamtoka yote. "Mnanicheka! Nyie mbele raha mustarehe, mie nyuma kama gunia la mkaa! Kwenye gari langu! Na firigisi ukampa!"

"Firigisi gani?"

Hakuwa anajifanya. Hakukumbuka. Apolinari alisimama katikati ya sebule na hasira yake yote, haina pa kutua.

"Ungeniambia unaona wivu," Noela alisema taratibu, "ningezima kompyuta palepale, nikaja kukaa nyuma na wewe. Ningecheka kidogo, lakini ningekuja."

Apolinari alisubiri ugomvi, maana ugomvi una mwisho wake. Haukuja. Noela alimtengea maji ya kuoga, akapika, akamwita Baba Eufra kama kawaida.

Jumatatu alikuwa amefuta kila kitu ambacho chombo kilifundishwa. Akamrushia mumewe funguo.

"Leo unaendesha wewe. Brightson atakaa nyuma."

Apolinari alizidaka kwa mkono mmoja. Nisiseme uongo, alifurahi. Alirekebisha kioo, akamwona Brightson huko nyuma amebanwa na vitufe vyake, na mke yuko pembeni yake kama inavyopasa. Akaingia barabarani kama bwana harusi.

Hawajafika mbali, Noela akageuka kuelekea nyuma, mgongo wake ukawa upande wa usukani.

"Unasikiaje?"

"Baridi kidogo," Brightson alisema.

Noela akaandika. "Na sasa?"

"Sasa safi."

Akaandika. Ikawa hivyo mpaka Wazo. Aliuliza, akajibiwa, akaandika, na hakuna jibu hata moja alilolihakiki kwanza kwenye sensa. Apolinari aliendesha akiona misuko ya mkewe na sikio moja. Hakukuwa na kicheko leo. Angetamani kiwepo.

Kwenye kilima hewa ya mbele ikabadilika. Aliisikia kwenye vidole, baridi ya kweli, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikuwa na ukweli wa kumpa.

"Noela, huku mbele kuna baridi."

Noela aligeuka. Aliinamia kompyuta kwanza, akaangalia sensa ya mbele inasemaje.