Makala Aliyesubiri Yeyote

Usiku wa jana niliota nimesimama nyuma ya mstari wa chokaa, mbele ya uwanja wa shule ya bweni, nimevaa suti yangu ya kufundishia. Tai ilikuwa imenyooka, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuona haya.

Uwanjani wamekaa makala. Ni makala wote waliowahi kuandikwa na walimu wa kitivo chetu cha sheria, nao ni watu kamili, kila mmoja na sare yake na sahani tupu mapajani.

“Leo ni siku ya kutembelewa,” ilisema kengele iliyoning’inia mtini. Ilikuwa kengele ya adabu. Haikupaza sauti bila sababu. “Kumtembelea makala ni kumnukuu katika andiko lako. Aliyenukuliwa anakula. Ambaye hatanukuliwa mpaka nigongwe, anazikwa kule nyuma.”

“Na mwandishi wake?” niliuliza.

“Mwandishi havuki mstari kwenda kwa makala wake. Kujinukuu ni kujisifu. Si wewe uliyeipendekeza kanuni hiyo kitivoni, Daktari Rwechungura?”

Ni mimi. Niliipendekeza mwishoni mwa kikao kirefu, ikapita kwa sababu wajumbe walitaka kwenda kula. Hata hivyo ni kanuni njema, nami nilibaki nyuma ya mstari.

Wageni wanaingia na vyakula. Makala wa sheria ya kodi anazunguka na kijiko, akichota theluthi ya kila sahani. Wa sheria ya bahari analowesha mkeka. Wa sheria ya anga anaelea juu ya wenzake na hataki kushuka, maana kila palipo chini pana mwenyewe. Wa sheria ya ndoa ni wawili ndani ya shati moja.

“Mwambie huyu anipishe mkono,” anasema mmoja.

“Mwambie huyo mkono ni wetu sote,” anajibu mwenzake.

Wa sheria ya ardhi amekalia kiti cha mgeni mheshimiwa. Nilimwamuru ainuke.

“Nimekikalia miaka kumi na miwili bila kusumbuliwa, Daktari,” alisema, akijinyoosha. “Sasa ni changu. Ulichelewa wapi?”

Kisheria hoja yake ilikuwa sahihi. Nilimwachia kiti.

Ghafla uwanja ukawa bwalo la chakula. Mstari wa chokaa ulinifuata, ukajilaza sakafuni mbele ya viatu vyangu.

Mwisho wa meza, peke yake, alikuwa amekaa wa kwangu. Nilimwandika nikiwa kijana, msimu mzima wa mvua, juu ya haki ya mtu kupita katika shamba la mwingine ili afike kwenye kaburi la ndugu yake. Tangu achapishwe, hakuna aliyemnukuu. Kola yake ilikuwa imepigwa pasi vizuri kuliko kola yoyote bwaloni.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Umekula?”

“Bado. Nasubiri.”

“Unamsubiri nani?”

“Yeyote.”

Hapo akaingia Profesa Msofe, jirani yangu wa ofisi, amebeba sufuria ya pilau na kusalimiana na kila meza.

“Rwechungura, kaka, mbona umesimama kama nguzo ya umeme? Sikiliza. Wewe mtembelee wangu, mimi nimtembelee wako. Wote watashiba.”

“Wako anahusu uvuvi wa bahari kuu. Wangu anahusu makaburi. Utamnukuu kwa hoja gani?”

“Hoja ya nini? Nitampungia mkono kutoka kwenye tanbihi, huko chini kabisa ya ukurasa. Nani husoma huko?”

“Umewahi kumsoma?”

“Kaka, tukianza kusomana hapa, nani ataandika?”

Bwalo zima likacheka. Nilimtazama wangu. Alikuwa anaitazama sufuria.

“Hapana,” nilisema.

“Haya. Mwanao anakufa njaa, wewe unanyoosha tai.” Msofe akapita.

“Ulifanya sawa, baba,” alisema wangu, huku akigeuza sahani yake kifudifudi. “Asiyekuja kwa hoja, asije.”

Niliona fahari. Kisha nikaona kwamba katika bwalo lote hapakuwa na mtu wa kumweleza fahari hiyo.

Kengele ikagongwa.

Sasa bwalo ni kilima chenye majani marefu, nami bado niko nyuma ya mstari. Makala wenzake wamembeba wangu bila ugomvi. Wa sheria ya ushahidi anauliza nani amethibitisha kwamba amekufa, na marehemu mwenyewe anamjibu, kwa upole, kwamba asijisumbue. Wanamfukia. Wanapangusa mikono, wanaondoka, na kilima kinabaki na kengele na mimi.

“Naomba kupita,” niliiambia kengele.

“Kwa mamlaka gani?”

Hilo ni swali ninalowauliza wanafunzi kila siku, na asiye na jibu namketisha. Nilipekua kichwani sheria zote, hukumu zote, vitabu vyote. Hapakuwa na aliyeandika juu ya haki ya kupita kwenda kaburini, isipokuwa mmoja.

Nilimtaja. Jina, mwaka, ukurasa.

“Umejinukuu,” ilisema kengele.

“Nimemnukuu marehemu. Na nimemnukuu kwa hoja.”

Kengele ikayumba kidogo kwa upepo.

“Pita.”

Nikavuka. Majani yalinifika magotini. Ni dhahiri hapakuwa na aliyewahi kwenda upande ule. Nikaketi chini kando ya udongo mbichi, na suti yangu hiyo hiyo.

Baada ya muda nikasikia, kutoka chini ya udongo, kijiko kikigonga sahani. Alikuwa anakula polepole, kwa adabu, kama mtu aliyelelewa vizuri.

Nikaamka. Nyumba ilikuwa kimya kama kawaida yake. Ninaishi ghorofa ya tatu, na kutoka mlangoni hadi kitivoni ni saruji na lami tupu. Nilipoinama kutandika kitanda niliona pindo la pajama yangu limejaa kishonanguo, zile mbegu nyeusi zinazomganda mtu aliyepita mahali pasipopitwa na watu.

Nilizibandua moja moja. Ya mwisho nimeiacha.