Vibonge vya Kisahani cha Pili

Kwa heshima na taadhima, nawatangazia wanasayansi wote, walio kazini na waliostaafu, kwamba Jumatano saa tano asubuhi mimi, mwanafunzi wa kidato cha tatu, nilitikisa misingi ya elimu ya seli. Mwanasayansi aliyeshuhudia alikuwa mmoja tu, shangazi yangu, naye alikuwa anahangaika kutafuta kalamu aliyoichomeka mwenyewe kwenye nywele.

Likizo ilinikuta sina pa kwenda. Mama yuko kazini nchi ya mbali, na nyumbani kwa shangazi mchana huwa ni mimi na friji. Basi alinipeleka maabara anakofanya kazi, akanikalisha kwenye stuli na kuniita Profesa. Yeye huzama kazini hata akanisahau. Lakini hadubini ikionyesha kitu, husema, "Profesa, njoo uone," tukabanana: yeye tundu la kushoto, mimi la kulia.

Tulichokuwa tunaangalia ni protini zisizo na umbo maalumu, alizozitia rangi ya kijani. Zinaelea ovyo ndani ya seli. Seli ikipigwa joto, zinakusanyika na kuwa vibonge. Shida ikipita, zinatawanyika. Kisahani cha kwanza cha seli hutiwa kwenye kabati la joto la nyuzi arobaini na tatu. Cha pili, cha kulinganishia, hukaa kwenye thelathini na saba, na hakitakiwi kuwa na kibonge hata kimoja.

Jaribio la Jumatano lilikuwa la mwisho. Likienda sawa, kesho yake shangazi anasafiri kwenda mkutanoni, nami narudishwa shule wiki moja kabla ya wenzangu: bweni la vitanda arobaini, magodoro yamekunjwa, na mimi.

Kisahani cha pili kilijaa vibonge.

"Hee! Hiki si ndicho cha kulinganishia?"

"Ndicho," nikajibu kwa sauti ya msibani. "Huenda seli zinaumwa, shangazi. Tukae nazo wiki moja zaidi. Sayansi haina haraka."

"Haina haraka kwako wewe!"

Akampigia mkuu wake. Nilimsikia akisema safari isubiri, kwamba kazi ya miezi miwili huenda ina kasoro. Alipoweka simu mezani, alifuta tarehe ya safari kwenye kalenda. Nilikuwa nimeandaa kichekesho cha wakati huo. Niliona hakifai.

Hakukitupa kile kisahani. Alivuta kiti, akakikodolea macho kama saa nzima, kisha akaniita kwa sauti ya chini.

"Profesa, njoo uone."

Kushoto yeye, kulia mimi. Vibonge vilikuwa vinayeyuka kimoja baada ya kingine, na kijani kinasambaa.

"Seli inayoumwa haiponi ndani ya saa moja," alisema bila kuondoa jicho. "Hizi zilipigwa joto, sasa zinapoa. Nilipokwenda kikaoni asubuhi, nani alibaki humu?"

"Stuli."

Hakucheka. Bega lake lilikuwa limegusana na langu, wala hakulisogeza.

"Ni mimi, shangazi. Nilikitia kwenye kabati la moto nusu saa, nikakirudisha. Sikutaka kukuharibia kazi. Sitaki kulala kule bwenini peke yangu. Nipe simu, nitamwambia mkuu wako mimi mwenyewe."