Asali Halisi ya Kasoki

Kasoki alijitakia mwenyewe. Mzee Adalbert, mwalimu mstaafu mwenye mwandiko mzuri, alipomwandikia kibao cha "Asali Halisi" kwa ajili ya meza yake sokoni Ndosho, angeshukuru tu akaondoka. Badala yake akauliza hilo neno "halisi" limetoka wapi. Mzee, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu tangu aache kufundisha, akamweleza mpaka chai ikapoa: limetoka kwa Waarabu, na kwao ni kitu kilichotakaswa, kisichochanganywa na chochote.

Basi Kasoki akaenda kuichuja asali yake ya Masisi kwa kitambaa, akairudia, akairudia tena, hadi ikang'aa. Chema chajiuza, alijiambia.

Haikujiuza. Watu wa Ndosho wana imani yao: asali isiyo na nyuki mfu ndani ni sukari. Nyuki ndiye shahidi. Wateja waliinua chupa ya Kasoki juani, wakaguna kwamba iko propre sana, safi kupita kiasi, kisha wakahamia kwa jirani yake, Nsabimana, aliyekuwa akichemsha sukari nyumbani na kutia nyuki kadhaa kwenye kila chupa. Nyuki wenyewe Kasoki aliwajua vizuri. Bwana yule aliwaokota kwenye takataka za kitambaa cha Kasoki cha kuchujia.

Iliuma, tusidanganyane. Mkuu wa soko alikwisha kumwonya kwamba asipouza wiki hiyo, meza itapewa muuza simu.

Ijumaa, huku wamama wameizunguka meza ya Nsabimana, mwenyewe alichepuka, akapita kwa nyuma na kumnong'oneza Kasoki ampe chupa moja, upesi.

Kasoki hakuwa na haraka. Akaipangusa chupa. Akapangusa na kifuniko. Halafu, kwa sauti ya kuitia mbuzi, akauliza:

"Papa Nsabimana, nikutilie nyuki ndani?"

Wamama wakageuka. Nsabimana aliitazama meza yake, akavitazama viatu vyake. Tumpe haki yake: angeweza kusema ndiyo, na mambo yangeishia hapo.

"Hapana," akasema polepole. "Ni ya mama yangu. Eko anakohoa."

Mama mmoja akairudisha chupa yake mezani kwa Nsabimana, akaja kusimama nyuma yake kwenye foleni.