Gambuti za Kupwaya

Maji ya mto yalikuwa na baridi ya kupenya mifupa. Seremala alikuwa amevaa soksi jozi tatu ndani ya gambuti zake, na bado vidole vya miguu vilikuwa vimekufa ganzi. Lakini nani atalalamika mbele ya mama mkwe? Akajikaza kisabuni.

Mama mkwe alisimama kando yake majini, jozi moja tu ya soksi za sufu, akivuta samaki wa tatu huku akipiga mluzi. Gambuti zake zilimpwaya kama ndoo.

"Mwanangu, meno yako yanagongana mpaka samaki wanasikia," alisema bila kugeuka. "Nilikuona ukisokomeza soksi zote hizo. Damu ipite wapi? Kavue jozi mbili."

Seremala akatoka majini kwa haya, akaketi jiweni, akavua. Muda si muda vidole vikaanza kuwasha, kisha vikapata joto. Akarudi akimtazama mama yule kama mwanafunzi anayemtazama fundi wake.

"Kumbe ndiyo maana ulinunua kubwa, mama?"

"Sikununua. Ni za marehemu mkweo." Akatupa tena ndoana. "Kazi yake ilikuwa kunipasha miguu joto, na bado sijampa likizo."