Mvure Uliopaa Biharwe

Kabla fujo za nchi yake hazijamfanya mtu wa kupanga foleni, Barnabé alikuwa mwalimu wa fizikia Ruyigi, Burundi, mwenye tai mbili na heshima zake. Sasa alikuwa na kibanda cha kuchaji simu Misiera, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, pamoja na diploma ambayo maofisa walikuwa bado wanaitafakari. Walikuwa wameitafakari miaka saba. Bila shaka ilikuwa karatasi nzito sana, haikutaka haraka.

Aliyeleta simu kibandani kwake alilipa mara mbili, kwa fedha na kwa masikio, maana Barnabé alikuwa na hadithi moja ambayo hakuna mteja aliyeikwepa: hadithi ya ndege zisizo na mabawa. Alieleza jinsi Wamarekani, mwaka 1963, walivyotengeneza chombo cha mbao, bapa juu, mviringo chini, wakakifunga kamba nyuma ya gari na kukivuta juu ya ziwa lililokauka jangwani California mpaka kikainuka. Wenyewe walikicheka, wakakiita beseni la kuogea. Lakini tumbo la beseni ndilo lililolibeba hewani. Baada yake vikaja vya chuma, vikaachiliwa na ndege kubwa kutoka juu sana ili marubani wajifunze kutua bila injini. Kimoja kilibingirika, rubani akapoteza jicho. Kwa sababu ya majaribio hayo, vyombo vilivyorudi kutoka anga za juu miaka ya baadaye, hata vile vyenye mabawa, vilithubutu kushuka injini zikiwa zimezimwa.

"Na maseremala je?" alimalizia kila siku, akigonga meza mpaka simu zikaruka. "Marubani wameandikwa vitabuni. Yule fundi aliyeunda ganda la mbao, nani anamtaja?"

Siku moja mteja alimwuliza fundi huyo aliitwa nani. Barnabé akakohoa, akasema simu yake imeshajaa.

"Papa Doriane," mkewe Alida alimwambia kwa jina la mtoto wao, naye ni mtu wa Uvira, Kongo, na hana muda wa kupoteza, "batu banakuya kuchaji simu, habakuye kusoma. Na ile ndege bila mabawa itaruka namna gani? Hata kuku iko na mabawa, na hairuke."

Basi ikasikika kwamba Hajati Kulusum, mwenye shule ya sekondari kule Biharwe, anatafuta mwalimu wa fizikia, na kwamba diploma hakuijali sana. Alichotaka ni kimoja tu: kila mwombaji alete kifaa alichokitengeneza kwa mikono yake, kifanye kazi mbele ya macho yake. Zama hizi ni za masomo ya vitendo, alisema, maneno ameshayasikia ya kutosha.

Barnabé hakulala kwa furaha. Kusimama tena mbele ya ubao! Aliandika barua safi: ataleta ndege isiyo na mabawa, "niliyoichonga mwenyewe kwa mikono yangu". Mikono hiyohiyo iliwahi kupigilia rafu, ikaanguka na kumaliza sahani zote za Alida.

Kwa hiyo alichora ndege yake kwenye karatasi, akaipeleka kwa mzee Twizeyimana, mchongaji, nyumba ya nne kutoka kwake. Mzee aliuangalia mchoro, akaugeuza juu chini, akacheka.

"Mwalimu, huu ni mvure."

Mvure ni lile gogo lililochongwa tumbo, ambalo Warundi hukamulia ndizi za pombe. Barnabé alihisi ametukanwa. Alimweleza habari za jangwa, gari na anga za juu, akasisitiza kwamba unene uwe sawa kila mahali, upana wa kidole kimoja, na mkiani yawekwe mapezi mawili. Twizeyimana aliitikia kwa kichwa, kama wazee wanavyoitikia wanapokuwa wameshaamua kufanya watakavyo.

Asubuhi ya safari Barnabé alikuta kazi imekwisha. Ndege ilikuwa nyepesi, nyororo, na mapezi yamekaa sawasawa. Lakini pua yake ilikuwa nene kama ngumi, na ndani kulikuwa na majimaji.

"Umefanya nini humu?"

"Nimeunywesha," alisema mzee. "Mvure hautoki kwangu ukiwa mkavu. Nimekamulia mkungu mmoja, ukakaa siku tatu. Mti mbichi usiponywa, jua litaupasua kabla hujafika Mbarara."

"Hii ni ndege! Ndege haili ndizi!"

Barnabé aliifuta ndani kwa shati, akaifunga kwenye kitenge cha Alida, akaondoka. Neno la asante hakulitoa, nadhani alikuwa analiweka akiba.

Uwanja wa shule ulijaa wanafunzi. Hajati Kulusum alikaa chini ya mwavuli na daftari mapajani. Kiingereza cha Barnabé kilikuwa na Kifaransa kingi, kwa hiyo Hajati alitumia Kiswahili alichoachiwa na marehemu mumewe, aliyekuwa polisi.

Aliipakata ndege, akaipima mikononi. "Mbona huku mbele iko mzito, ssebo?"

Barnabé alifungua mdomo aombe radhi. Ndipo akakumbuka. Chombo cha namna hii pua isipokuwa nzito hupinduka chali. Jambo hilo alilifundisha mwenyewe miaka kumi na moja, na kwenye mchoro wake alilisahau.

"Hesabu, Hajati," alisema. "Nilipiga hesabu."

Hamdu, mwenye bodaboda wa shule, alifunga kamba nyuma ya pikipiki, akatia moto. Ndege iliburuzika nyasini, ikadunda mara moja, mara mbili, halafu ikainuka. Ilipita kimo cha mtu. Ilipita mwamba wa goli. Wanafunzi walipiga kelele, kamba ikachomoka kama ilivyopangwa, na lile gogo likateremka peke yake, kimya, likagusa nyasi na kuteleza mpaka miguuni pa Hajati. Barnabé alilia bila aibu. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu avuke mpaka.

Kisha wakaja nyuki. Hajati aliinama, akanusa, akainuka taratibu.

"Hii ni tonto."

"Ni... ni gundi, Hajati."

"Mimi nilizaliwa Masha, kwa migomba. Harufu ya pombe ya ndizi naijua. Unaleta pombe kwa shule ya Waislamu?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Barnabé ilikuwa imefika ukutani. Angeweza kunyamaza. Badala yake alimtafuta wa kumtupia.

"Si mimi, Hajati! Ni mzee mmoja mlevi, Twizeyimana. Yeye ndiye aliyechonga, akamwaga pombe yake humu bila ruhusa yangu!"

Kwa taarifa, vidonda vya tumbo vilikuwa vimemkataza Twizeyimana pombe kwa miaka tisa.

Hajati alifungua daftari, akatoa barua. "Hapa unasema ulichonga wewe."

Aliikunja barua, akaendelea.

"Alimwaga kwa nini?"

"Mti usipasuke juani."

"Na hii mbele mzito, nani alifanya?"

"Yeye."

"Sasa wewe ulifanya nini?"

"Nilichora."

"Leta mchoro." Aliutazama kwa muda mrefu. "Kwa mchoro hii, ingeruka?"

Barnabé alitazama viatu vyake. "Hapana, Hajati. Ingepinduka." Lilikuwa neno la kweli lililomgharimu kuliko yote tangu aingie getini.

Hajati alifunga daftari. "Mwalimu nitatafuta mwingine. Karakana yangu pia haina fundi. Fundi mimi siombi diploma. Ambia huyo mzee akuje Jumatatu. Lakini tonto aiache huko."

Njia nzima Barnabé aliwaza kwamba ujumbe unaweza kupotea, ujumbe hupotea kila siku. Lakini kila alipowaza kuupoteza, alijisikia akigonga meza kibandani, akiuliza nani anawataja maseremala. Alikwenda moja kwa moja kwa Twizeyimana akasema yote, hata lile la ulevi.

Mzee alianza kunoa patasi iliyokuwa tayari na makali.

"Nitakwenda," alisema mwishowe. "Lakini Kiswahili changu ni cha kuulizia chumvi. Na wakiniuliza kwa nini pua iwe nzito, nitajibu nini? Mimi najua kuchonga, sababu sizijui. Utakuja unitafsirie."

Jumatatu Hajati alikubali Barnabé awe mkalimani, kwa mwezi mmoja wa majaribio, akakaa nyuma ya darasa asikilize. Barnabé alikuwa amevaa tai. Mbele yake walikaa wanafunzi arobaini, nyuma yake ulikuwepo ubao, na mkononi alishika chaki, yote kama alivyoomba kwa Mungu. Twizeyimana aliupapasa mvure, akasema kwa Kirundi, polepole:

"Anza kwa kuwaambia jina langu. Halafu uwaambie kwamba mimi si mlevi."

Barnabé akawageukia wanafunzi, akatafsiri neno kwa neno.