Treni ya Saa Mbili na Dakika Kumi na Mbili

Kila siku ya shule, saa mbili asubuhi, Teppei Kuwabara aliegesha baiskeli yake nje ya stesheni ya Urashibe, akaweka kola ya sare yake sawa, akamsubiri Chinatsu Orito, msichana wa darasa lake. Reli ilikuwa imeng'olewa miaka tisa nyuma ikauzwa kama vyuma chakavu. Pale ilipopita reli kulikuwa na magugu ya kimo cha goti.

Mara ya kwanza alimpeleka pale kwa sababu palikuwa kimya. Alikuwa na miaka kumi na sita na alikuwa amekusudia kumwambia kwamba anampenda. Alisema, "Orito, mimi naku..." na hapo treni ya mabehewa mawili ikapita juu ya magugu, ikameza maneno yake, ikasimama, ikafungua milango. Hakushuka mtu.

"Samahani, umesemaje?" Chinatsu akauliza.

Akarudia. Ikaja ya pili, na ikawa hivyo kila aliposema.

Rafiki yake Haga alicheka mpaka akakaa chini. "We jamaa! Kwenye katuni za mapenzi treni hupita mara moja tu, halafu mambo yanaenda. Wewe umefungua shirika zima!" Teppei alijaribu kwa simu, lakini pande zote mbili walisikia mabehewa tu.

Wazee wa Urashibe hawakushangaa. Walichouliza ni ratiba. Hospitali ilikuwa mjini, umbali wa saa moja, na basi lilipita Jumanne peke yake. Basi Bwana Nukui wa ofisi ya mji akachapa karatasi: kwenda saa mbili na dakika kumi na mbili, kurudi saa kumi na dakika arobaini. Akaibandika stesheni, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, akawaomba Kuwabara na Orito wazingatie muda.

Waliuzingatia. Siku moja tu Teppei alipaliwa na kikohozi na treni ikachelewa dakika nne. Kondakta aligawa vyeti vya kuchelewa, vya kuonyesha hospitalini, na Teppei akasimama mlangoni akimwinamia kila abiria kuomba radhi.

"Kijana, kupenda ni kupenda, lakini mie nina daktari saa tatu na nusu," mzee mmoja alimwambia, na Teppei akainama tena.

Mwaka ukapita hivyo. Siku moja Teppei akamwandikia Chinatsu barua. Bibi yake, Bi Fusae, aliyemlea, aliikuta kwenye begi alipokuwa akiweka chakula cha mchana. Figo za Bi Fusae zilikuwa zimeharibika, na alisafishwa damu kwa mashine hospitali mara tatu kwa wiki. Bila hivyo hangemaliza wiki mbili. Alivaa miwani, akaisoma yote.

"Umeandika vizuri," alisema, akaitia kwenye jiko. "Akishajua na kukujibu, treni itakuja tena?"

"Sijui, bibi."

"Basi ngoja nife kwanza. Sitakuchelewesha sana."

Teppei alilia, bibi naye akalia, kisha wakala.

Mwaka wa mwisho wa shule Chinatsu alipata nafasi chuo cha uuguzi, Sapporo. Bwana Nukui alikwenda kwao na boksi la maandazi ya maharage matamu, akamwomba aahirishe miaka mitatu hivi.

"Kwa nini msirudishe reli?" Chinatsu akamuuliza.

Bwana Nukui aliinama sana. Alieleza kwamba mkoa ulishakataa bajeti, kwa kuwa treni tayari ipo.

Siku ya safari Chinatsu alikuja na sanduku moja. Nyuma yake walipanga foleni wazee kumi na wanne, Bi Fusae akiwa wa tatu. Teppei alikuwa amekusudia kunyamaza. Asiposema, treni haiji, na Chinatsu haendi.

"Kuwabara, sema basi. Nitakosa treni ya Sapporo kule mjini."

"Sitaki."

"Nimesimama hapa miaka miwili. Unadhani sijui unachosema?"

Teppei akamsogelea. "Na jibu lako je?"

"Sema kwanza. Nitakujibu."

Akasema. Alisema kwa moyo wake wote, na treni ikafika kwa wakati. Chinatsu alipanda, akaketi karibu na Bi Fusae, akafungua dirisha, na treni ilipoanza kuondoka akamjibu. Halikuwa jibu fupi. Teppei alikimbia kando ya treni mpaka jukwaa likaisha, akiona midomo ikienda, na hakusikia kitu.

Jioni, ofisi ya mji ilitaka kujaribu kama treni itakuja bila Chinatsu. Teppei alisimama akatazama pale Chinatsu alipozoea kusimama, pakiwa patupu, akasema. Moyoni aliomba isije. Ilikuja saa kumi na dakika arobaini, na wazee wakashuka na dawa zao, wakamshukuru mmoja mmoja. Bwana Nukui akaandika kwamba huduma itaendelea.

Nyumbani Bi Fusae alipakua wali. Alikuwa amesikia kila neno, tangu la kwanza hadi la mwisho.

"Bibi, ulikaa naye. Alisema nini?"

Bi Fusae alimsogezea mjukuu wake bakuli.

"Sikusikia, baba. Kelele zilikuwa nyingi," alisema. "Kula, wali unapoa. Keshokutwa nina hospitali."